Jaji Horton: Alifuta hukumu ya kifo, akapoteza kiti chake

James Horton alizaliwa mwaka 1878 jimboni Alabama, Marekani. Mwaka 1933 alisikiliza kesi ya Haywood Patterson, mmoja wa vijana tisa weusi walioshtakiwa kuwabaka wanawake wawili wazungu ndani ya treni ya mizigo. Jopo la raia, wote wanaume wazungu, lilimtia hatiani na kumpa adhabu ya kifo.

Mawakili wakaomba kesi isikilizwe upya. Horton aliupima ushahidi: maelezo ya daktari hayakulingana na ya mlalamikaji, na mwanamke wa pili alikana kizimbani kwamba walibakwa. Juni 22 akaifuta hukumu.

Patterson alihukumiwa tena mbele ya jaji mwingine. Mwaka 1934 wapiga kura walimnyima Horton ujaji. Alifariki mwaka 1973.