Michael Faraday: Fundi wa majalada aliyegeuza mwendo kuwa stima

Stima ikipotea usiku, ploti yetu hunyamaza kwanza. Halafu kila mtu anachungulia dirishani kuona kama ni kwake tu ama ni mtaa mzima. Ikirudi, watoto wanapiga kelele utadhani Harambee Stars wamefunga bao. Dakika tano baadaye tushasahau, simu ziko kwenye chaji na hakuna anayejiuliza hiyo stima ilikuwa nini kabla ya kuwa stima.

Ilikuwa kitu kingine. Labda maji yaliyoporomoka kwenye bwawa la Gitaru, mvuke uliotoka chini ya ardhi kule Olkaria, ama upepo wa Turkana. Nishati haiumbwi wala haipotei, inabadilika sura tu. Na jamaa aliyeonyesha jinsi mwendo unavyogeuka kuwa umeme hakuwahi kukanyaga chuo kama mwanafunzi. Anaitwa Michael Faraday. Nimemfikiria sana tangu niache chuo.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi, lakini afya mbovu ilimfanya leo afanye kazi na kesho alale. Kuna wakati Michael alipewa mkate mmoja, na huo ulikuwa wa wiki nzima. Shule alisoma kidogo tu: kusoma, kuandika na hesabu za kawaida.

Akiwa na miaka 13 alianza kutumwa kupeleka magazeti na George Riebau, muuza vitabu wa Blandford Street. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake, mkataba wa miaka saba wa kujifunza kujalidi vitabu. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa na kubandika majalada, lakini yeye alikuwa anasoma kilichomo ndani. Makala ya umeme kwenye ensaiklopidia ilimteka. Kitabu cha kemia cha Jane Marcet kikammaliza kabisa. Visenti alivyopata alinunulia vifaa ili ajaribu alichosoma.

Watu hupenda kusema Faraday alijitoa mwenyewe. Si kweli. Riebau angeweza kumfokea arudi kazini, lakini alimwacha asome. Kaka yake Robert, mhunzi pia, alimtolea shilingi ya kiingilio cha mihadhara ya sayansi. Mwaka 1812 mteja wa duka akampa tikiti za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa staa wa jiji, katika Royal Institution. Faraday aliandika kila kitu, akachora michoro, akanakili upya kwa mwandiko safi, akakijalidi kile kitabu mwenyewe na kumtumia Davy. Ufundi wa majalada ndio uliokuwa CV yake.

Mapema 1813 msaidizi wa maabara pale alifutwa kwa kupigana. Davy akamkumbuka yule kijana.

Mambo hayakunyooka hapo hapo. Waliposafiri Ulaya, Davy alimtumia pia kama boi wake, na mke wa Davy alimchukulia kama mtumishi wa nyumba. Ilimuuma. Lakini safari hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Ampère na Volta, majina ambayo hadi leo tunayasoma kwenye chaja za simu.

Mwaka 1820, Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye umeme husogeza sindano ya dira. Septemba 1821 Faraday akaenda mbele. Alitumbukiza ncha ya waya kwenye zebaki, kando ya sumaku, akaunganisha betri. Waya ukaanza kuizunguka sumaku. Nishati ya kemikali ndani ya betri ilikuwa umeme, umeme ukawa mwendo. Huyo ndiye babu wa mota ya feni, blenda na posho mill ya mtaani.

Badala ya kupongezwa, alisemwa ameiba wazo la William Wollaston, kwa sababu alichapisha haraka bila kumtaja. Davy mwenyewe alipinga Faraday kuingizwa Royal Society mwaka 1824. Aliingia hata hivyo. Kura ya kumkataa ilikuwa moja tu.

Swali likabaki: kama umeme unaleta mwendo, mbona mwendo usilete umeme? Alijaribu mara kadhaa na kupigwa chini, karibu miaka kumi. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili tofauti. Alipounga betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili ikaruka, kisha ikatulia. Alipokata betri ikaruka tena. Ndipo akashika siri: kinachohitajika ni mabadiliko. Oktoba alisukuma sumaku ndani ya koili na umeme ukapita. Sumaku ikikaa tu, hakuna kitu. Mwezi huo huo akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku na kupata umeme mfululizo. Jenereta ya kwanza ikazaliwa.

Lakini umeme huo haukuwa wa bure. Ulilipiwa na nguvu za mkono. Kama umewahi kuendesha ile baiskeli ya zamani ya Black Mamba yenye dinamo, unajua: taa ikiwaka, pedali inakuwa nzito. Chapati uliyokula inakuwa nguvu ya miguu, miguu inazungusha gurudumu, gurudumu linakuwa mwanga, na kiasi fulani kinaishia kuwa joto. Gitaru na Olkaria ni hadithi ile ile, ila miguu ni ya maji na mvuke. Paneli za sola ndizo zenye njia yao tofauti.

Faraday alikataa kuitwa Sir, akakataa pia kuwa rais wa Royal Society. Krismasi kwa Krismasi alifundisha vijana, na mihadhara yake mashuhuri zaidi ilihusu mshumaa: jinsi nta inavyokuwa mwanga na joto. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 na kuzikwa Highgate, kaburi la kawaida.

Ningependa kumtumia kama kisingizio. Mamangu akiniuliza nitarudi chuo lini, nimwambie hata Faraday hakuenda. Tatizo ni kwamba hesabu za juu zilimshinda maisha yake yote. Alichora mistari ya nguvu za sumaku kama alivyoiona kwenye unga wa chuma, na wasomi wengi hawakuichukulia kwa uzito hadi James Clerk Maxwell, mtu wa Cambridge, alipoiandika kwa hesabu. Faraday alijua anachokosa, na akakifidia kwa kufanya kazi kila siku, akiandika kila jaribio daftarini, hata yaliyofeli.

Mimi sina daftari kama hilo. Jana stima ilipopotea, nilitoa kitabu changu cha hesabu chini ya kitanda nikawasha mshumaa.