Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini. Faraday alisoma shule kidogo tu. Alipofika miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu alivyojalidi, alivisoma. Humo alipata habari za umeme.

Mwaka 1821 alipitisha umeme wa betri katika waya uliokuwa karibu na sumaku. Waya ukaizunguka sumaku! Hivyo ndivyo mota ya umeme ilivyoanza.

Leo twapima mwendo wa mota kwa kuhesabu mizunguko. Ikizunguka mara 50 katika nusu dakika, mwendo wake ni mizunguko 100 kwa dakika. Mzigo ukizidi, mwendo hupungua.

Faraday alikufa mwaka 1867. Elimu yake ilianzia vitabuni. Nawe usiache kusoma.