Derozio na Chama cha Mijadala cha Wanafunzi wa Calcutta

Aghalabu mbinu za ufundishaji huelezwa kana kwamba huishia kengele inapolia. Mwalimu tunayemweleza hapa alifanya kazi yake kubwa baada ya kengele.

Henry Louis Vivian Derozio alizaliwa Calcutta, nchini India, tarehe 18 Aprili, 1809. Upande wa baba alikuwa na asili ya Kireno na Kihindi; mama yake alikuwa Mwingereza. Alisomeshwa na David Drummond, Mskoti aliyependa kuhoji mambo. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa karani, kisha akaenda Bhagalpur kwenye shamba la nili la jamaa yake, na huko akatunga mashairi. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 17 tu, aliajiriwa kufundisha fasihi ya Kiingereza na historia katika Hindu College, ambayo leo ni Presidency University.

Yapata mwaka 1828 yeye na wanafunzi wake waliunda chama kilichoitwa Academic Association. Walikutana katika nyumba moja yenye bustani huko Maniktala, Derozio akiwa mwenyekiti. Walijadili hiari ya binadamu na majaaliwa, ukweli, uzalendo, ibada ya sanamu, na hata kuwapo kwa Mungu. Juu ya suala hili la mwisho, aliwasomesha hoja za shaka za David Hume, kisha akawapa majibu ya wapinzani wake, Thomas Reid na Dugald Stewart. Alishikilia kwamba kumficha mwanafunzi upande mmoja wa hoja si kumfundisha. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo iliyokuwa mbinu yake, na ndiyo iliyomponza.

Maana baadhi ya vijana walianza kuidharau hadharani miiko ya dini ya wazazi wao. Nao wazazi hawakuwa wajinga kuingiwa na hofu: mijadala iliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi majumbani hawakuielewa, hivyo yaliyowafikia yalikuwa uvumi mtupu. Alisingiziwa kwamba amemkana Mungu, anafundisha utovu wa heshima kwa wazazi, na kwamba anahalalisha ndugu kuoana. Baadhi ya wazazi wakawaondoa watoto wao chuoni.

Mwezi Aprili, 1831, kamati ya chuo ilikutana. Wajumbe wengi hawakukubali kwamba hafai kufundisha. Hata hivyo wengi waliona ni afadhali aondoke, ili kutuliza mji. H. H. Wilson na David Hare hawakupiga kura, kwa kuwa jambo lenyewe lilihusu hisia za Wahindu. Derozio hakuitwa kujitetea. Inastaajabisha kwamba chuo kilichokuwa na wanafunzi hodari wa kusikiliza pande mbili kilimhukumu mwalimu wao kwa upande mmoja.

Alijiuzulu tarehe 25 Aprili, akaanzisha gazeti la The East Indian, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo kipindupindu kikamwua. Alikuwa na miaka 22.

Chama hakikufa naye. David Hare alishika kiti, na mikutano ikaendelea kwa miaka kadhaa. Radhanath Sikdar, mmoja wa vijana wale, ndiye aliyepiga hesabu za urefu wa mlima Everest mwaka 1852. Mwenzake, Peary Chand Mitra, aliyezoea kujadili kwa Kiingereza, aliandika katika miaka ya 1850 riwaya kwa Kibengali cha kila siku, kile kilichosemwa majumbani.