Hamed bin Muhammed, Msafiri Aliyeandika Kitabu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri aliyepita katika mji wetu huu wa Tabora, ili wanafunzi wa zamani na walioko shuleni sasa wapate kuzisoma siku ya mkutano wetu. Nadhani alitazamia nimwandike Mtemi Mirambo au Mtemi Isike. Hao wamekwisha andikwa sana, na kwa haki. Mimi nimemchagua mtu ambaye nina deni naye tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip.

Deni lenyewe lilianza hivi. Mwalimu wetu wa fasihi alitutaka kila mmoja achague kitabu cha safari, aeleze jinsi taabu za njiani zilivyomkomaza msafiri. Wenzangu walikimbilia riwaya. Mimi niliokota katika maktaba kitabu chembamba kilichokwisha jalada, maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Nikakisoma kwa siku mbili, nikaandika kurasa sita za sifa tupu. Nilimwita shujaa wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Daftari liliporudi halikuwa na alama. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba nirudie kitabu, nimletee majina ya watu waliobeba mizigo.

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alianza kuvuka kwenda mrima kufanya biashara ndogo ya sandarusi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa sana huku Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo kijana huyu alipopandishwa bara na baba yake, naye ana miaka 18, hakuja Tabora kama mgeni kabisa. Alikuja kwa wakwe wa baba yake, na heshima ya ukwe ilimfungulia milango mingi.

Hapa Tabora ndipo tunapomwona kwa mara ya kwanza tabia yake. Ilikuwa apeleke mali Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini baba yake alitaka mali hiyo ishikwe na mtu mwingine aliyemzidi umri. Kijana akakataa kata kata. Mwisho wake alikabidhiwa yeye. Huko ng'ambo wafanyabiashara wenziwe waligombania pembe kubwa, na bei ikapanda. Yeye akanunua pembe ndogo ndogo ambazo hawakuzitaka, akarudi na faida. Nilipokuwa mwanafunzi niliona hiyo ndiyo akili. Sasa nimefanya kazi ya serikali zaidi ya miaka 15, na bado naona ni akili.

Safari zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi, kwa mali aliyokopa Unguja kwa matajiri wa Kihindi. Mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itawa, kusini magharibi ya Ziwa Tanganyika, akamshinda. Mwenyewe asema kwamba katika vita hivyo alipata frasila 1,950 za pembe, mbali na shaba. Na huko ndiko lilikotoka jina la Tippu Tip, kwa mlio wa bunduki zake. (Wako wasemao ni kwa sababu ya kupepesa macho.) Mwaka huo huo alikutana na Dakta Livingstone, akamsaidia.

Hebu tuzitazame hizo frasila. Frasila moja ni ratili 35, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Pembe hizo peke yake, basi, zilihitaji mabega karibu 1,000. Kutoka pwani mpaka Tabora ni mwendo wa miezi mitatu hivi. Watu walipita Ugogo, mahali pa kutoa hongo kwa kila mtemi na kununua maji kwa nguo, kisha wakaingia Mgunda Mkali, pori kavu ambalo jina lake latosha kueleza. Mimi niliwahi kupangiwa kazi Manyoni, na kiangazi cha huko nakifahamu, ingawa nilikipita ndani ya Land Rover.

Mabega hayo yalikuwa ya nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa hapa petu, ambao walifanya upagazi kwa ujira wa nguo na shanga, wakaufanya kazi ya fahari, hata kijana asiyewahi kuiona pwani alichekwa. Wengine hawakwenda kwa hiari. Kitabu chenyewe chasimulia jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka Hamed mwanzoni mwa safari moja. Akarudi kwao na watu wenye bunduki, akawakamata watu 800, akawafunga minyororo, wakaibeba mizigo hivyo hivyo. Wazaramo wakampa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa kuwa alishambulia huku na huku. Anaeleza hayo bila kuona haya wala kujisifu sana, kama mtu anayetoa hesabu ya duka. Katika insha yangu ya kwanza niliyaita mambo hayo uthabiti.

Safari yake ya tatu ilichukua miaka 12, tangu 1870 hadi 1882. Alifika Utetera, huko Kongo ya leo, akadai ujamaa na mtawala wa huko, akaachiwa utawala. Alionana na Cameron mwaka 1874, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley katika msitu wa mto Kongo, kisha akarudi nyuma kabla ya kumaliza safari waliyopatana. Aliporudi pwani mwaka 1882 alipita hapa Tabora na pembe nyingi mno, na katika safari hiyo akapatana na Mirambo, ambaye alikuwa amepigana na Waarabu wa Unyanyembe tangu 1871.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi, akaenda kwa meli akizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1891 alikuwa amekwisha rudi Unguja, na Stanley alimshitaki. Mwaka 1893 mwanawe Sefu aliuawa katika vita na Wabelgiji. Dola yake ya Manyema ikaisha.

Mzee alikaa nyumbani Unguja, akayaandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, aliyageuza kwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu. Jambo hilo halipunguzwi na lolote nililolisema juu, wala lenyewe haliyapunguzi hayo. Hamed alifariki Unguja mwezi Juni 1905.

Je, taabu zilimkomaza? Zilimkomaza katika biashara, katika vita na katika kujua watu. Nilikirudia kitabu chote kama nilivyoagizwa. Nilijaza kurasa mbili kwa majina ya watemi, matajiri, ndugu na Wazungu. Karatasi niliyoitenga kwa wapagazi ilibaki karibu tupu, na ndiyo niliyompelekea mwalimu. Aliitazama, akanipa alama nzuri kuliko nilizopata mwaka ule wote.

Likizo ile nilimsimulia bibi yangu mzaa mama kisa hicho. Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: babu yake alikuwa mpagazi. Hakujua ni misafara ya nani. Alichokumbuka ni sugu begani, ngumu kama kwato, ambayo wajukuu walipenda kuigusa. Na alikumbuka hadithi ya mwaka 1912, reli ilipofika Tabora. Watu walikwenda kulitazama gari moshi, wakashangilia. Babu yake hakushangilia. Alingoja mpaka mizigo iliposhushwa, akaenda akainua gunia moja, akalipima begani, akaliweka chini, akarudi nyumbani.