Tusimwite Bubu Mvulana wa Nariokotome

Mwombe mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma akutajie mtu mashuhuri aliyepata kuishi Turkana. Yamkini atamtaja Mzee Jomo Kenyatta, ambaye serikali ya kikoloni ilimzuilia Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Ni wachache watakaomtaja mvulana mmoja asiye na jina, ambaye wataalamu wa ulimwengu mzima wamemjadili kwa miongo kadhaa.

Mvulana huyo aliishi magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Lodwar, yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Alikuwa wa jamii ya Homo erectus. Meno yake yaonyesha kuwa alifariki akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, ingawa kimo chake kilikaribia sentimita 160. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimita 880 za ujazo, takriban theluthi mbili ya ubongo wa mtu mzima wa leo. Tayani mwake mna alama za ugonjwa mahali palipong'oka jino la utotoni, na wapo wanaodhani kwamba usaha ulipenya katika damu ukamwua.

Mwezi Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesifika kwa kusaka visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu kando ya mkondo wa Nariokotome. Wenzake, wakiongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, wakachimba wakapata mifupa zaidi ya 100. Mifupa hiyo imehifadhiwa Nairobi katika Makumbusho ya Taifa.

Hapo ndipo lilipozuka swali linalotugusa sisi wanaisimu: je, alisema?

Jibu limetafutwa katika pumzi. Mtoto mchanga, awe wa binadamu, wa mbuzi au wa ngamia, hafundishwi kupumua. Hata akiwa tumboni mwa mamake, misuli ya kifua chake hufanya mazoezi. Mdundo wa pumzi hutoka katika shina la ubongo, ambalo huharakisha kupumua kaboni dioksidi inapozidi katika damu. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kipande chembamba cha shina la ubongo wa panya mchanga, kikiwa kimetengwa na mwili, huendelea kutoa mdundo huo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, utaratibu huu haujakomaa. Ndiyo maana pumzi yake hukatika mara kwa mara.

Kusema ni jambo jingine. Msemaji huvuta pumzi upesi, kisha huitoa polepole, akiigawa kwa kadiri ya sentensi. Kazi hiyo yahitaji neva nyingi za kutawala misuli ya mbavu na tumbo, nazo hupitia ndani ya uti wa mgongo. Katika miaka ya 1990 Ann MacLarnon wa Uingereza alipima pingili za kifua za mvulana wetu, akakuta tundu lake ni jembamba kuliko la binadamu wa leo. Akahitimisha kwamba mvulana huyo hakuweza kuitawala pumzi kama tuitawalavyo sisi tunaposema.

Wengi wakapokea hukumu hiyo. Lakini mwaka 2006 zilichunguzwa pingili za Homo erectus wa Dmanisi, nchini Georgia, na tundu lake likaonekana kuwa na upana unaolingana na wa watu wa leo. Huenda basi mgongo wa mvulana mmoja hautoshi kuwanyamazisha jamaa zake wote. Mjadala ungalipo.

Kwa maoni yangu, walimu wana la kujifunza hapa. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na madarasani mwake huketi watoto waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko, jirani na watoto wa Kiturkana. Mtoto anaponyamaza kwa sababu hajaimudu lugha ya darasani, mara ngapi tumemwandika kuwa mzito wa akili? Hicho nacho ni kipimo kimoja, tena chembamba kuliko tundu la pingili. Mtoto huyo alizaliwa na pumzi kamili na lugha ya mamake. Tumpe muda, tumsikilize, kabla ya kumhukumu.