Alan Turing, Mfumbuzi wa Siri za Vita

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1926 alitakiwa kuingia shule ya Sherborne, lakini treni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mgomo. Kijana huyo wa miaka 13 akapanda baiskeli, akaenda kiasi cha maili 60, akalala njiani usiku mmoja, akafika.

Alipenda hesabu kuliko masomo mengine yote, akaendelea nayo Cambridge. Mwaka 1936 aliandika makala iliyoeleza mashine ya mawazo tu, iwezayo kufanya hesabu za kila namna ikipewa maagizo. Kompyuta za leo zinafuata wazo hilo.

Vita vilipoanza Septemba 1939 aliingia Bletchley Park, mahali pa kazi ya siri. Wajerumani walificha habari za jeshi lao kwa mashine iitwayo Enigma. Ukibonyeza herufi moja, ilitoa nyingine, na mpango wake ulibadilishwa kila siku. Waliamini kwamba hakuna awezaye kuifumbua. Kumbe Mpolandi Marian Rejewski alikwisha kuifumbua mwaka 1932, na mwaka 1939 Wapolandi wakawapa Waingereza maarifa yao.

Turing aliona penye udhaifu. Enigma haikuweza kamwe kuigeuza herufi kuwa ile ile. Tena Wajerumani walizoea kurudia maneno yale yale, kama vile habari za hali ya hewa. Basi akabuni mashine iitwayo Bombe, iliyojaribu mipango mingi upesi, na Gordon Welchman akaitengeneza zaidi. Hivyo meli nyingi za chakula ziliepushwa na nyambizi katika Atlantiki.

Lakini nchi yake haikumtunza. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa sheria ya wakati ule iliyokataza mapenzi baina ya wanaume, akaondolewa katika kazi za siri. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu, naye ana miaka 41. Watu hawakujua aliyoyatenda vitani mpaka miaka ya 1970. Msamaha wa Malkia ulitolewa mwaka 2013, naye hayupo kuupokea.

Siku hizi majeshi huhifadhi habari zao kwa mafumbo magumu kuliko ya Enigma. Wataalamu wanajaribu pia blokicheni, yaani daftari lenye nakala mahali pengi, ili mtu asibadili mstari mmoja bila kutambuliwa. Hata hivyo fundisho la Bletchley halijachakaa: kufuli, lingawa imara namna gani, halimfai mwenye nyumba mzembe.