Guillaumet: Rubani aliyenusurika theluji ya Andes

HENRI Guillaumet alikuwa ameivuka milima ya Andes mara 91 kabla ya Juni 13, 1930, siku ambayo upepo ulimshusha kwa nguvu.

Mfaransa huyo alizaliwa Mei 29, 1902 kijijini Bouy. Alijiunga na kampuni ya Latécoère iliyosafirisha barua kwa ndege, na baadaye akapelekwa Amerika Kusini kuhudumu kati ya Santiago, Chile, na Mendoza, Argentina.

Ndege yake, Potez 25, ilikuwa na injini moja na kiti cha rubani kilikuwa wazi. Juu sana hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na rubani hubaki kuutegemea upepo. Upepo unaogonga mlima hupanda na kuiinua ndege. Ukishavuka kilele huporomoka upande wa pili, na hapo injini ndogo haifui dafu.

Ndivyo ilivyomfika. Aliondoka Santiago wakati wa majira ya baridi, akapitia kusini ambako milima si mirefu sana. Dhoruba ikamvuta chini hadi juu ya ziwa Laguna del Diamante, lililo takriban mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, milima ikiwa imelizingira. Badala ya kulazimisha kupanda asione aendako, alilizunguka ziwa hadi petroli ikakaribia kwisha, kisha akatua. Kwa maoni yetu, uamuzi huo ndio uliomwokoa kabla ya miguu yake.

Ndege ilipinduka thelujini. Guillaumet alichimba shimo chini ya bawa, akajifunika mifuko ya barua, akangoja siku mbili. Halafu akatembea siku tano na usiku nne, akijua kwamba akilala hataamka.

Wakati mmoja alianguka, akakata tamaa. Ndipo akamkumbuka mkewe, Noëlle: maiti isipopatikana, malipo ya bima yangecheleweshwa miaka minne. Akainuka ili akafie kwenye mwamba uliokuwa mbele, mahali ambapo angeonekana. Alipoufikia, akaendelea kutembea.

Rafiki yake, mwandishi na rubani Antoine de Saint-Exupéry, alikuwa amemtafuta angani siku kadhaa bila mafanikio. Wenyeji ndio waliompata.

Guillaumet alirejea kazini, na kwa jumla akaivuka Andes mara 393. Alifariki Novemba 27, 1940 wakati ndege aliyokuwa akiiendesha kuelekea Syria ilipodunguliwa juu ya bahari ya Mediterania.